Samaki Walioshonwa

Mgeni alitokea uani wakati Kidoti ana mikono yote miwili ndani ya samaki.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, baada ya shule, saa ya kazi ambayo Kidoti aliichukia kuliko hesabu za sehemu. Mbele yake palikuwa na beseni la samaki waliokosa mnunuzi sokoni. Macho yao yalikuwa yamezama, matumbo yamevimba, na ngozi inateleza kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini. Kidoti alipasua tumbo kwa kisu kidogo, akavuta utumbo kwa vidole viwili huku amegeuza uso pembeni, akautupa kwenye kopo. Kisha akachukua kipande cha povu, lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni, akakisukuma ndani ya samaki mpaka tumbo likajaa tena. Mwisho akamshona kwa sindano na uzi wa mama yake. Nzi wa kijani walimzunguka usoni kama wasimamizi wa mtihani.

"Hodi hapa," mgeni alisema.

Kidoti alishtuka, sindano ikamchoma kidole. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, kofia imepauka kwa jua, viatu vimejaa tope kavu, na begani ana begi jeusi kubwa.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta nyumba ya Nahodha. Nimeambiwa ndiye mwenye mashua ya wapiga picha." Macho ya mgeni yalitua kwenye beseni, pua yake ikakunjamana. "Na hao unawafanya nini?"

Jibu la swali hilo Kidoti alikuwa amefundishwa na baba yake zamani.

"Kitoweo, mama."

"Kitoweo! Na hicho cheupe unachoweka ndani?"

Jibu la swali hilo hakufundishwa. "Ni... kiungo," alisema.

Mgeni alimtazama, akamtazama samaki, akamtazama tena. "Basi leo msinialike chakula," alisema taratibu.

Kutoka dirishani, sauti ya mama ilipanda juu ya mlio wa cherehani. "Kidoti! Sogeza hilo beseni! Gauni la bibi harusi likinuka samaki, utakwenda kulieleza wewe!"

Mama alikuwa fundi wa nguo, na wiki ile chumba cha mbele kilijaa vitambaa vya rangi ya waridi vya harusi ya watu. Uzi uliobaki ndio Kidoti aliotumia. Alisogeza beseni nyuma ya tangi la maji, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akainusa, akanawa tena. Harufu ya shombo ilikuwa palepale. Ilikuwa palepale kila siku, hata darasani.

Baba aliporudi kutoka gatini, mgeni alieleza shida yake wakiwa wamekaa barazani. Alikuwa anatengeneza kitabu cha picha cha watoto, kitabu cha wanyama wa majini na kandokando ya maji. Viboko alikuwa nao. Mamba alikuwa naye, tena amefungua kinywa. Aliyekosekana ni furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki kwa makucha.

"Nataka picha yake akivua," alisema. "Ila nina sharti moja, Nahodha. Asiwe ametupiwa chakula. Mtoto akifungua kitabu changu, nataka aone ndege anavyoishi kweli. Tukimpata, vizuri. Tukimkosa, nitakulipa vilevile na nitarudi siku nyingine."

Nahodha aliweka kiganja kifuani. "Dada yangu, hapa kwetu hakuna kutupa chakula. Mimi napiga mluzi tu. Ndege yule tunajuana kama ndugu."

Kidoti alikuwa ameleta maji ya kunywa. Alishusha macho kwenye sinia.

Mgeni alipokwenda kulala nyumba ya wageni, baba alimfuata Kidoti nyuma ya tangi. "Nishonee wawili wazuri. Wenye kung'aa kidogo."

"Lakini baba, amesema hataki."

"Wote husema hivyo. Wakikaa juani bila kuona hata unyoya, wanaanza kununa. Halafu wanakwenda kuwaambia wenzao kwamba mashua ya Nahodha haina bahati." Aliinama, akapunguza sauti. "Na kesho ikienda vizuri, ndoo ya samaki namtafutia mtu mwingine. Wewe utakaa nyuma pamoja nami, ushike usukani. Hilo si ndilo unalolitaka?"

Hilo ndilo hasa alilolitaka. Tangu alipoanza kubeba ndoo ya samaki, Kidoti aliota jambo moja: kukaa nyuma ya mashua, mkono mmoja kwenye usukani wa injini, upepo unampiga usoni, na vidole vyake havinuki kitu. Alirudi kwenye beseni. Alishona samaki wawili kwa mishono midogo, mizuri, kama mama alivyomfundisha kupinda ukingo wa leso.

Kichwa kilichomoza juu ya ukuta wa jirani, pua imebanwa kwa vidole. Alikuwa rafiki yake wa dawati moja, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Shikamoo, Bi Shombo!"

"Nenda zako, Redio."

"Nakwenda wapi, na harufu imenifuata mpaka jikoni? Jana mwalimu amefungua madirisha yote, wewe umekaa kimya kama si wewe. Nimekuteta? Sikukuteta. Nimesema ni panya amekufa darini."

Kidoti alicheka ingawa hakutaka. "Kesho ndiyo mwisho. Baba ananipa usukani."

"Wewe? Mashua itaota mizizi kwenye matete! Niombee nafasi na mimi, nije nikuokoe."

*

Asubuhi ziwa lilikuwa tulivu. Mgeni alikaa mbele, kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima imelala mapajani. Nahodha aliendesha. Kidoti alikaa katikati, na chini ya ubao aliokalia, nyuma ya gunia, kulikuwa na ndoo. Jua lilipopanda kidogo, harufu yake ilianza kupanda pia. Mgeni aligeuka mara moja, akanusa, akageukia mbele tena.

Waliingia ghuba ndogo ambako furukombe walikuwa na kiota juu ya mti mkubwa uliokauka matawi ya juu. Ndege dume alikuwa amekaa tawini, kifua cheupe, amejivuta kama mwenye nyumba asiyependa wageni. Nahodha alizima injini. Wakasubiri. Ndege alijisafisha bawa moja. Akajisafisha la pili. Akatazama mbali.

"Hana haraka," alisema mgeni kwa furaha. "Na sisi hatuna."

Lakini Nahodha alikuwa na haraka. Alijikuna shingo, akatazama jua, akatazama saa. Mwishowe alisimama, akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi mrefu. Mgeni aliinua kamera kuelekea mtini. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Watu wote waliopanda mashua ile hutazama juu wanaposikia mluzi, na hakuna anayetazama mkono wa mtoto aliyekaa katikati.

Kidoti alivuta ndoo. Samaki alikuwa amelainika zaidi tangu jana, na maji ya kijivu yalitiririka mpaka kwenye kiwiko chake. Alifikiria usukani. Akamtupa samaki upande wa pili, kimyakimya, naye akaelea, kitu ambacho samaki aliyetolewa utumbo tu asingekifanya. Angezama kabla ndege hajamwona.

Furukombe aliruka. Alishuka kwa mwinamo mmoja mrefu, miguu mbele, makucha yakakwangua maji, matone yakaruka, akainuka na samaki. Kamera ililia tatatata. Mgeni alikuwa anacheka peke yake.

"Nahodha! Sijawahi! Maisha yangu yote sijawahi kumpata hivi!"

"Nilikwambia, dada. Tunajuana."

Nahodha alimkonyeza binti yake. Kidoti aliosha mkono ziwani, akajaribu kufurahi.

Mgeni aliinamia kioo kidogo cha kamera kutazama picha zake. Alizikuza. Akazikuza tena. Kicheko chake kilipungua mpaka kikaisha.

"Nini hiki?" aliuliza.

Nahodha alisogea. Kwenye picha, samaki alionekana vizuri kuliko alivyoonekana machoni: ukucha ulikuwa umepasua tumbo, na ndani yake palitokeza kitu cheupe kama jino.

"Mafuta hayo," alisema Nahodha. "Samaki wa msimu huu wamenona."

Mgeni alitazama kioo, kisha akamtazama Kidoti. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyeuma embe na kukuta nusu ya funza. "Twendeni chini ya ule mti," alisema. "Nataka kuona kiota."

Nahodha alisita, lakini hakuwa na sababu ya kukataa. Mti ulikuwa nchi kavu, kwenye ncha ya ghuba. Njia ya miguu kutoka gatini ilifika mpaka pale, ila watu hawakuipita kwa sababu ya uvundo. Mashua ilipogusa mchanga, Kidoti aliona kwa nini. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa vinyesi vya ndege, mifupa ya samaki imetapakaa, na nzi wanavuma kama injini ndogo. Alipumua kwa mdomo.

Mgeni aliweka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, akatazama kiotani kwa muda. Halafu akamwita Kidoti. "Njoo, mwanangu. Tazama."

Kidoti aliweka jicho. Kiota kikamjia karibu kana kwamba amekipandia. Ukingoni mwake alichomoza kifaranga mmoja, manyoya ya kijivu, shingo nyembamba, anatetemeka. Mama yake alikuwa anamchambua samaki yuleyule kwa mdomo, kipande kwa kipande, kwa upole ambao Kidoti hakuutegemea kwa ndege mwenye makucha kama yale. Kipande cha nyama. Kifaranga akameza. Kipande kingine cha nyama. Akameza. Kisha kipande cheupe. Kifaranga alinyoosha shingo, kikamkwama, akatikisa kichwa, akanyoosha tena. Akameza.

Kidoti aliondoa jicho haraka.

"Na hiki ndicho wanachotapika baadaye," alisema mgeni. Alikuwa amechutama, anaokota kitu kwa kijiti. Lilikuwa donge la ukubwa wa kidole gumba, la kijivu, limeshikana kama pamba iliyolowa. "Ndege huyu hawezi kusaga magamba na mifupa yote. Vinavyomshinda huvitema." Alilivunja kwa kijiti.

Harufu iliyotoka ilimfanya Kidoti azibe pua kwa mikono yote miwili, kosa kubwa, kwa sababu mikono ilinuka vilevile. Ndani ya donge kulikuwa na magamba machache. Yaliyobaki yote yalikuwa punje nyeupe, punje nyingi ndogo za povu, na zimefungwa pamoja na kitu chembamba kilichojisokota.

Uzi. Uzi wa rangi ya waridi.

Alitembea hatua chache mpaka majini, akainama, akatapika. Alitapika uji wa asubuhi, kisha maji machungu, kisha hakuna kitu. Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa amemshika bega.

"Ni jua hilo," baba alimwambia mgeni. "Hakuzoea."

"Siyo jua, baba." Sauti ya Kidoti ilikwaruza. Alijifuta mdomo, akamgeukia mgeni. "Mama, nilikudanganya jana. Hakikuwa kitoweo. Ni povu. Tunalitia ndani ya samaki ili aelee. Baba akipiga mluzi, mimi natupa. Ule uzi ni wangu. Nimeshona mimi."

Nahodha alikuwa amekunja uso, na kwa kitambo Kidoti alidhani atapigwa.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni," alisema kwa sauti ya chini.

"Nahodha," mgeni alisema, "nimewahi kupiga picha fisi wakiwa ndani ya mzoga mpaka mabegani. Haikunitia kinyaa. Ndivyo wanavyoishi. Lakini hii..." Alisukuma donge kwa kijiti. "Hii imenitia kinyaa."

"Unafikiri nilianza mimi?" Nahodha alifoka. "Baba yangu alitumia kipande cha bua la tete. Watu walifurahi, ndege alishiba, nani aliumia? Matete tumeyakata kupitisha mashua, sasa hayapatikani karibu. Povu linaelea vizuri zaidi. Nilidhani ni kitu kilekile!"

"Bua linaoza, kaka. Povu je?"

Juu yao kifaranga alilia, mlio mwembamba uliokatika katikati kama mtu mwenye kikohozi. Nahodha alitazama juu. Akatazama punje nyeupe pale chini. Zilikuwa kila mahali, na mara ukishaziona hukuweza kuacha kuziona: kwenye mizizi, kwenye mchanga, kwenye ukingo wa maji zikichezacheza na mawimbi.

*

Jioni ile hakuna aliyekula vizuri. Mama alisikiliza habari yote bila kukatiza, mkono umelala juu ya gurudumu la cherehani.

"Nyinyi mmetumia uzi wangu," alisema mwishowe. "Mimi nawavalisha watu siku ya furaha yao, halafu uzi uleule umo kwenye matumbo ya ndege. Nimesikia kichefuchefu, wallahi."

"Mama Kidoti, nitawaambia nini wageni?" Nahodha aliuliza. "Kwamba ndege akipenda atashuka, asipopenda shauri yake? Nani atapanda?"

"Sijui nani atapanda. Najua wewe ulikuwa unatoka na kasia kabla ya jua, kabla hujanunua injini, unakuja kunisimulia ndege amevua wapi na amevua nini. Ulinichosha. Siku hizi husimulii kitu."

Nahodha alisimama, akaenda nyumba ya wageni kumtafuta mpiga picha. Aliporudi alimwambia Kidoti, "Kesho mapema. Bila ndoo."

Walitoka mbingu zikiwa bado na rangi ya majivu. Nahodha hakuwasha injini hata kidogo. Alipiga kasia taratibu mpaka kwenye maji mafupi karibu na mabaki ya matete, akaiweka mashua mahali ambapo jua lingechomoza mgongoni mwao. "Samaki wadogo hukimbilia hapa alfajiri," alinong'ona, "na wakubwa huwafuata. Zamani alikuwa anapenda hapa."

Walikaa. Mbu waliwauma. Mguu wa Kidoti ulikufa ganzi. Furukombe alikuwa tawini, na alionekana amepanga kukaa pale mpaka mwakani. Aliruka mara moja, akashuka, akakosa, akarudi tawini maji yakimdondoka, na Kidoti alimwonea huruma kana kwamba ni mtu aliyeanguka mbele ya umati. Baba alikuwa anauma mdomo wa chini. Kidoti alijua vidole vyake vinawashwa kupiga mluzi.

Hakupiga.

Mara ya pili ndege hakushuka kwa ule mwinamo mzuri wa jana. Alianguka karibu kama jiwe, akazama mpaka kifuani, na kwa muda Kidoti alidhani amezama kabisa. Kisha mabawa yalipiga maji, yakapiga tena, akawa anayatumia kama makasia, na akainuka polepole na samaki hai aliyekuwa anajipinda na kupigapiga mkia, maji yanamwagika, ndege amefungua mdomo kwa juhudi. Hakuwa mrembo. Alionekana kama fundi anayebeba mzigo uliomzidi.

Kamera ililia. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Nahodha alikuwa na machozi machoni, akasingizia mbu.

Waliporudi gatini, alimkalisha Kidoti kwenye ukingo wa mashua.

"Nisikilize, mwanangu. Nilikuwa najiambia kwamba nawafurahisha watu. Ukweli ni kwamba niliacha kazi yangu, kazi ya kuwajua wale ndege, nikashika njia ya mkato. Na wewe nikakufanya mkono wa kudanganyia, kwa sababu mkono wa mtoto hautazamwi. Siku yoyote kazi ikikutaka ufiche ndoo, usiulize kwanza utapata nini. Uliza ndoo ina nini. Mimi sikuuliza, na kifaranga wa watu ndiye anayekohoa. Jana ulisema kweli huku unaniogopa. Hilo ni gumu kuliko kuendesha mashua."

Mpiga picha alikuwa amefunga begi lake. Alimwomba Kidoti wasogee pembeni.

"Nina jambo la kukuomba, na ukikataa nitaelewa kabisa," alisema. "Leo hamkutupa povu, lakini la zamani bado limo matumboni mwao. Litatoka kidogokidogo, kama litatoka. Hatuwezi kujua kwa kutazama kiota tu. Lazima mtu avunje yale madonge. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali na siafu hawajayabomoa. Unipigie kwa simu ya mama yako, uniambie umekuta nini, mpaka kifaranga aruke."

Kidoti alitazama vidole vyake. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu akumbuke, havikunuka.

"Nitafanya," alisema.

*

Wageni walipungua, kama baba alivyohofia. Nahodha alimwambia kila aliyekuja: hatuiti ndege, hatulishi, tunakwenda kutazama. Kuna waliogeuka palepale gatini. Kuna waliopanda, wakakaa, wakaona ndege akijisafisha mabawa mpaka basi, wakashuka wamenuna. Mama alishona nguo zaidi. Ila taratibu walianza kuja watu wa aina nyingine, wenye kofia zilizopauka na uvumilivu wa kukaa kimya, na wao walipouona uvuvi ule mgumu wa alfajiri, walirudi na wenzao.

Kila Jumamosi Kidoti alikwenda chini ya mti akiwa amejifunga leso puani. Leso haikusaidia. Alichutama kwenye uvundo, akavunja madonge kwa kijiti, akampigia mpiga picha. "Bado, mama. Leo punje nyingi." Au, "Leo kidogo, lakini zipo." Aliporudi nyumbani Redio alimpokea ukutani amebana pua, na alikuwa na haki.

Kisha ikaja Jumamosi moja ambayo kundi kubwa la walimu lilikodi mashua asubuhi nzima kwenda kupiga picha viboko, upande wa pili kabisa wa ziwa. Gati lilijaa kofia na kamera. Redio alikuwepo pia, amepewa kazi ya kugawa makoti ya kuelea, anaongea na walimu wote kwa pamoja.

Nahodha alimwita Kidoti nyuma ya mashua. Alipiga ubao wa usukani kwa kiganja. "Kaa hapa. Maji ni mazuri, njia ni pana. Leo unatupeleka wewe."

Kidoti aligusa usukani. Mpira wake ulikuwa na joto la jua. Alikaa kabisa, akanyoosha mkono, akatazama mbele, na ziwa lote lilikuwa limefunguka kama mlango. Halafu alitazama upande wa mti.

"Baba, leo ni Jumamosi."

"Najua. Madonge utayavunja kesho."

"Siafu watakuwa wameyabomoa. Na nilimwambia Jumamosi."

"Kundi kama hili sijui tutalipata lini tena, mwanangu. Na njia nyingine sikuachii usukani, maji ni mabaya." Nahodha hakusema kwa ukali. Alikuwa anamweleza tu, kama mkubwa anavyomweleza mkubwa mwenzake.

Kidoti alishika usukani kidogo tena. Kisha akauachia, akainuka, akapita katikati ya walimu akisema samahani, samahani.

"Unakwenda wapi?" Redio alipiga kelele. "Kidoti! Usukani je?"

"Kaa wewe. Usitupe watu majini."

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Redio alikosa la kusema.

Injini iliwaka nyuma yake. Kidoti hakugeuka mpaka sauti ilipokuwa mbali, na alipogeuka aliona mashua ikiandika mstari mweupe majini, Redio nyuma kando ya Nahodha, nywele zinapepea, kicheko chake kinafika mpaka nchi kavu. Akaifuata njia ya miguu.

Uvundo ulimpokea kabla hajafika. Nzi walikuwa tayari kazini. Alijifunga leso, akachutama, akatafuta kijiti, akavuta donge la kwanza kutoka kwenye mzizi uliojaa vinyesi vibichi. Lilikuwa na unyevu na lilinuka vibaya kuliko yote. Alishika pumzi, akalivunja.

Magamba. Mfupa. Magamba.

Hakuna punje hata moja. Hakuamini. Alichambua tena, polepole, gamba moja moja, pua yake karibu kuligusa. Kisha akasogeza goti kwenye matope, akavuta donge la pili.